Hesabu ya Bibi na Hesabu ya Sensa

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, usiku uliochaguliwa na Serikali kuwa usiku wa sensa, zilikuwa zimebaki siku chache mwezi uandame, na ziwa lilikuwa giza. Mtu asiyeishi kandokando ya Ziwa Victoria huenda asione uzito wa jambo hilo. Dagaa huvuliwa gizani: mitumbwi hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, ndipo nyavu hushushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki, na kambi nzima hupumzika. Kwa hiyo usiku ule ambao kila mtu aliulizwa amelala wapi, vijana wengi wa mialo yetu hawakuwa wamelala mahali popote. Walikuwa majini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, na mwaka ule nilikuwa karani wa sensa. Alfajiri nilisimama kwenye mchanga nikiwa na kishikwambi mkononi, nikisubiri mitumbwi irudi ili niwahesabu watu katika kaya zao. Nilikula kiapo cha kutunza siri za waliohojiwa, nami nakitunza. Katika makala haya hakuna jibu la mtu yeyote niliyemhoji. Nitakayoyasimulia ni ya nyumbani kwetu, na wenyewe wameniruhusu.

Matokeo yalipotangazwa tulikuwa Watanzania 61,741,120. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2012, tulikuwa 44,928,923, na katika sensa ya kwanza baada ya Muungano, mwaka 1967, tulikuwa kiasi cha milioni 12. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka maana yake ni kwamba, mwendo ukibaki huo, idadi ya watu huwa maradufu katika miaka ipatayo 22. Mkoa wa Mwanza peke yake ulitoka watu 2,772,509 hadi 3,699,872, yaani zaidi ya watu laki tisa katika muongo mmoja. Tangu siku hiyo nimesikia mabishano mengi, katika daladala, katika vikao vya walimu na redioni, baina ya wanaosema tunazaa kupita kiasi na wanaosema watu ndio utajiri wa nchi. Kinachoniumiza ni kwamba pande zote mbili huzungumza kana kwamba mwanamke wa kisiwani huzaa bila kufikiri. Bibi yangu, mzaa baba, alifikiri sana. Alikuwa na hesabu yake, na kwa mazingira aliyoishi ilikuwa hesabu sahihi.

Bibi aliishi Ukara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Ukerewe, ambacho tangu enzi za ukoloni kilijulikana kwa watu wake kuwa wengi juu ya ardhi ndogo. Waliomudu kuishi hapo walimudu kwa kazi. Ng'ombe hawakuachwa wakitangatanga bali walifungwa ndani na kukatiwa majani. Mengine yalioteshwa makusudi katika mashimo yaliyochimbwa karibu na maji. Samadi ilibebwa kichwani hadi shambani, shamba baada ya shamba, ili uwele usikose nguvu, na katika mzunguko wa mazao ziliingia njugu mawe pamoja na mimea iliyofukiwa makusudi kuirutubisha ardhi. Maji yalitekwa, kuni zilitafutwa, mawe yalipangwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Katika kazi ya namna hiyo mtoto wa miaka saba ni mfanyakazi kamili, na nyumba yenye mikono minne haiwezi kushindana na nyumba yenye mikono kumi na miwili. Bibi alizaa watoto kumi na mmoja na akazika watano, wengi wao kabla hawajafikisha miaka mitatu. Aliwahi kuniambia, akiwa amekaa kizingitini akipepeta uwele, kwamba hakuwahi kuhesabu watoto aliozaa. Alihesabu wale ambao wangekuwapo siku ambayo yeye hataweza tena kubeba ndoo.

Sentensi hiyo imenifundisha mengi juu ya sera ya idadi ya watu kuliko semina zote nilizohudhuria. Ndani yake mna mambo matatu ambayo mama wa kijijini huyapima: watoto wangapi watapona, kazi ya leo itafanywa na nani, na uzee utatunzwa na nani. Serikali inayotaka idadi ya watu iende sambamba na maendeleo ya jamii haina budi kuyagusa mambo hayo matatu, la sivyo itakuwa inamwomba mwanamke aikosee hesabu yake kwa faida ya takwimu za taifa.

Ardhi ya babu iligawanywa kwa wana waliobaki hadi vipande vikawa havimtoshi hata mmoja, nao wakafanya kama walivyofanya Wakara wengi kabla yao: wakavuka. Mmoja alikwenda Ukerewe, mwingine Sengerema, mwingine Geita, na baba akaja Mwanza mjini, akajenga chumba kimoja kilimani kati ya mawe makubwa, mahali ambapo hata leo gari haliwezi kufika. Hivyo ndivyo idadi ya watu inavyokwenda katika ukanda huu. Haikai ilipozaliwa, hushuka kwenye kivuko ikiwa na begi moja na kutafuta shule, maji na zahanati ambavyo vilipangwa kwa ajili ya watu wachache zaidi. Na safari yenyewe ina gharama. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, siku ya gulio la Bugorora, MV Nyerere ilizama ikikaribia Ukara. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliopoteza maisha walizidi 220. Nyumbani kwetu tulizika. Siwezi kuandika habari za idadi ya watu na huduma za jamii katika ziwa hili bila kuwataja.

Mama yangu alizaa watoto sita, na sote tuko hai. Mimi nina watatu. Kati ya bibi na mimi hakuna aliyetukemea wala kututisha. Kilichobadilika ni vigezo vya hesabu.

Cha kwanza kilikuwa shule. Mwaka 1974 mambo mawili yalitokea ambayo sijaona yakiwekwa pamoja, nami napenda kuyaweka pamoja. Mwezi Agosti, mataifa yalikutana Bucharest katika mkutano wa dunia juu ya idadi ya watu, na kiongozi wa ujumbe wa India, Karan Singh, akasema kwamba maendeleo ndiyo njia bora kuliko zote ya kuzuia mimba. Mwezi Novemba, hapa hapa ukingoni mwa ziwa letu, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo mwishoni mwa mwaka 1977. Walioandika azimio lile hawakuliita sera ya uzazi. Lakini mama yangu, binti wa mvuvi ambaye vinginevyo angekaa nyumbani akilea wadogo zake, aliingia darasani kwa sababu yake, akajua kusoma, na miaka kumi baadaye aliweza kusoma mwenyewe tarehe ya chanjo kwenye kadi ya mtoto. Kwa jinsi ninavyoyapima mambo, dawati lile lilikuwa sera ya idadi ya watu iliyo bora kuliko mabango yote yaliyokuja baadaye.

Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuligusa jambo hili mwaka 1969, alipokuwa akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, aliposema kwamba kuzaa ni jambo ambalo binadamu na wanyama wanashirikiana, bali kulea, na hasa kuelimisha kwa miaka mingi, ni jukumu la binadamu peke yake. UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, walikuwa wakitoa huduma za uzazi wa mpango tangu mwaka 1959. Hata hivyo nchi ilikaa hadi mwaka 1992 ndipo ikawa na Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, ambayo ilipitiwa upya mwaka 2006. Kati ya miaka hiyo miwili ulifanyika mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, ambao uliondoa macho ya dunia kwenye malengo ya kupunguza watu na kuyaelekeza kwenye afya, elimu na haki ya mwanamke ya kuamua. Haukuwa mgeuko mdogo. India katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imewafunga kizazi watu wengi kwa shinikizo, na China ilikuwa katikati ya sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwaka 2015. Mwaka mmoja baada ya Cairo, mkutano wa wanawake wa Beijing uliongozwa na Katibu Mkuu wake, Mheshimiwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo, na nakumbuka jinsi wanawake wa mtaani kwetu walivyolitamka jina lake kama la dada yao.

Cha pili kilikuwa uhai wa watoto. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 walikuwa 43. Namba hiyo hutajwa kama ushindi wa sekta ya afya, nayo ni ushindi kweli, lakini wengi husahau kazi yake ya pili. Bibi alizaa watano wa ziada kwa sababu alijua watano watakufa, na mwanamke hupunguza uzazi baada ya kuamini, si baada ya kuambiwa, kwamba watoto wake watapona. Kuamini huchukua muda mrefu. Lazima awaone wa kwake wakikua, wa dada yake wakikua, na wa jirani vilevile. Ndiyo maana idadi hukua kwa kasi hasa katika kizazi ambacho vifo vimepungua lakini imani bado haijafika, na ndipo tulipo sasa: wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka kutoka 5.2 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 hadi 4.8 mwaka 2022, huku zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wakiwa na umri wa chini ya miaka 15.

Hapa ndipo ninapotofautiana, kwa heshima zote, na marehemu Rais Magufuli, mtu wa Chato, ukingo wa pili wa ziwa hili hili, ambaye Septemba 2018 akiwa Meatu aliwahimiza wananchi wazae kwa kuwa wanaofanya kazi kwa bidii wanaweza kulisha watoto wengi. Muda mfupi baadaye matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni yalisitishwa. Nilielewa hoja yake, kwa sababu ni hoja ya bibi. Ni hoja ya nyumba yenye shamba, ng'ombe na majani ya kukata. Lakini mtoto wa leo haendi kukata majani. Anakuja darasani kwangu. Serikali iliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, uamuzi wa rais huyo huyo ambao nitausifu maisha yangu yote, na Januari ile watoto walimiminika. Kiwango cha wizara ni wanafunzi 45 kwa darasa. Mimi nilipokea zaidi ya mia moja. Walikaa wanne kwenye dawati la watu watatu, waliobaki wakakaa sakafuni mbele ya miguu yangu, na yule aliyetaka kutoka nje alipitishwa mkononi juu ya vichwa vya wenzake. Kufikia Machi nilikuwa sijajua majina ya robo yao. Mtoto ambaye mwalimu hajui jina lake hafundishwi, anatunzwa tu hadi saa ya kengele.

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 31 tu ya wanawake walio katika ndoa walikuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango, wakati ule uliotangulia ulionyesha asilimia 32. Kusimama huko huelezwa mara nyingi kwa maneno kama mila potofu na uelewa mdogo. Mimi nina wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye anakausha dagaa katika kambi moja ya kisiwani, na habari yake hainipi sababu ya kulaumu mila.

Wifi alikuwa na watoto wanne na alitaka kupumzika. Mume wake alikubali. Kwa shingo upande, lakini alikubali. Akachagua sindano ya miezi mitatu, kwa sababu zahanati iko mbali na wauguzi hufika kambini kwao kwa huduma za mkoba mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili. Alichoma ya kwanza, akachoma ya pili. Jumanne ya tatu iliyomhusu iliangukia gizani. Wakati wa giza mwanamke wa kambini hana saa yake mwenyewe: mitumbwi hurudi alfajiri, ndoo hupimwa, dagaa humwagwa kwenye vichanja, hugeuzwa jua linapopanda, na wingu likitanda juu ya ziwa kila mtu hukimbia, maana dagaa walionyeshewa na mvua hubadilika rangi na huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Siku ile kulikuwa na wingu. Wifi aliwaona wauguzi kwa mbali, akafunga khanga vizuri kiunoni, na alipomaliza kufunika kichanja cha mwisho boti lao lilikuwa limekwisha kung'oa nanga. Mwezi uliofuata alikutana na kikwazo kingine: sindano zilikuwa zimeisha. Alipofika zahanati kwa nauli yake, nesi alimpima kwanza, kama utaratibu unavyotaka, na majibu yakaonyesha kwamba mtoto wa tano alikuwa njiani.

Mtoto huyo ana miaka mitatu sasa na tunampenda. Wifi humwita Wingu.

Nimekaa na kalenda nikapiga hesabu. Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89. Sindano ile hurudiwa baada ya wiki 12 hadi 13, yaani siku 84 hadi 91. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyechomwa katika mbalamwezi, wakati kambi imetulia na mikono yake iko huru, atatakiwa kurudia katika mbalamwezi ya tatu, wakati kambi imetulia tena. Mwezi wa mbinguni na dawa vinakubaliana. Kisichokubaliana navyo ni Jumanne ya pili. Kurekebisha hilo hakuhitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji mtu aliyepanga ratiba awaulize wanawake wanaokausha dagaa.

Wasichana ninaowafundisha wana kikwazo kingine, nacho ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani, na nimekwisha kuwaona wakirudi, wakiwa na aibu wiki ya kwanza na bila aibu wiki ya tatu. Msichana mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 hadi 19 amewahi kupata ujauzito. Kila mwaka anaobaki shuleni huchelewesha mtoto wa kwanza, na kuchelewa kwa wa kwanza hupunguza idadi ya wote watakaofuata.

Kisha kuna uzee, jambo la tatu katika hesabu ya bibi, na hapa naona tumekaa kimya mno. Mvuvi hana mafao. Mkausha dagaa hana mafao. Mtu asiye na pensheni huizaa pensheni yake, na hakuna bango litakalomshawishi vinginevyo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi serikalini au alivua pweza. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kwa mara ya kwanza mzee alikuwa na kitu ambacho hakikutoka mkononi mwa mtoto wake. Huku bara hatuna pensheni ya wote. Laiti ningeulizwa ni kipengele gani kiongezwe katika sera yetu ya idadi ya watu, ningeanza na hicho, kabla ya zahanati na kabla ya shule yangu mwenyewe, kwa sababu bado namwona bibi kizingitini akiihesabu mikono itakayombebea ndoo.

Aliyembebea alikuwa mtoto wake wa tisa, shangazi yangu, ambaye hakuolewa na hakusoma ili kazi hiyo ifanyike.

Juzi wifi alinipigia simu akiwa kambini. Muuguzi mpya amekuja, binti wa huko huko visiwani, na amewaambia wanawake kwamba kuanzia sasa watatangaziwa siku ya huduma baada ya yeye kuutazama mwezi. Wifi ameamua kuacha sindano na kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango, apumzike miaka kadhaa bila kuifukuzia boti. Kwenye kadi yake hakuna tarehe iliyoandikwa. Binti yule aliandika kwa kalamu ya bluu: mbalamwezi ijayo, asubuhi.